Siku Tuliyokwenda Kunywa Chai kwa Shemeji

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Kaa hapa. Hiyo simu iweke chini, ee, kifudifudi, nisiione taa yake. Nataka nikusimulie tulivyokwenda mtaa wa Merrylands kunywa chai kwa shemeji yangu, na hata kabla sijaanza moyo unanienda mbio kama msichana!

Juzi nilikuuliza kwa nini dada yako Aisha hapokei simu zetu, na kwa nini Idi nzima hatukumtia machoni. Ukanijibu kwa Kiingereza chako kwamba ni maisha yake, ana mume wake, tusiwaingilie. Nilikwenda jikoni nikamalizia hasira zangu kwenye vitunguu. Leo nakujibu.

Wakati huo hata baba yako sijamjua. Nilikaa na ami yangu Salim hapa hapa mtaa huu wa Auburn, nikafanya kazi kwenye kiwanda cha kushona mashati ya wanafunzi. Dada yangu Zuhura, huyo mama yako mkubwa unayemjua kwa kicheko, siku hizo hakuwa anacheka. Mumewe, Shaaban, alikuwa amepata mwanamke mwingine, akataka Zuhura aondoke bila kelele. Akamkatia tiketi ya Tanga, ya kwenda tu. Watu wote akawaambia mke wangu anakwenda kusalimia wazee. Chumbani akamwambia kweli yake: ukifika, talaka utaletewa huko huko, na Rukia anabaki na mimi. Rukia, mwanangu! Kitoto kisicholala mpaka kishike sikio la mama yake!

Dada hakuwa na kazi, Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga, na mume alimtia hofu kwamba karatasi zake za kuishi nchi hii ya Wazungu ziko mikononi mwake. Alinipigia simu kwa kunong'ona kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikamkimbilia ami. Ami akavua miwani, akaifuta, akasema, "Saumu, dada yako ameshaolewa. Mambo ya mtu na mkewe hayaingiliwi." Kama wewe vile, ila yeye alisema kwa Kiswahili.

Basi asubuhi kiwandani nashona huku nalia. Jirani yangu kwenye cherehani alikuwa Bi Lan, Mchina, mtu mzima, mfupi, sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kuokoteza, lakini tulielewana vizuri. Akanizimia cherehani, akataka kujua. Nikamweleza yote, na maneno ya ami pia. Mimi nilitarajia pole. Weee! Nilipewa vidonge vyangu!

"Dada yako anatupwa, na wewe unakaa hapa unashona kola?"

Ndipo akanisimulia, mikono yote miwili hewani, chai yake inapoa. Kwao, enzi za wafalme wao, binti alitolewa nyumbani ndani ya kiti cha kubebwa kilichofunikwa kitambaa chekundu, na baba akafunga lango. Kwisha. Dada wa bibi yake alitolewa hivyo, akaingia nyumba ya watu wenye uwezo. Mama mkwe akamgeuza mtumishi, na baadaye mume akataka kumfukuza, mtoto abaki naye yeye mume. Akakimbilia kwao, baba akasema lango limefungwa. Sasa sikia! Bibi yake Bi Lan, ndiye mdogo mtu, msichana aliyefungwa miguu tangu utotoni isikue, ndiyo desturi yao enzi hizo, mtu wa kutembea akichechemea, aliwazungukia mashangazi na mabinamu mlango kwa mlango, mpaka na yaya aliyewalea. Wakavaa hariri zao za sikukuu. Wakaingia katika ua wa wakwe, wakaketi, wakaomba chai.

"Wakapigana?" nikauliza, mimi nimeshasimama.

"Kupigana kwa nini? Wamekuja kunywa chai!"

Ndugu wa mke wakija kwa heshima zao huwezi kuwafukuza, mji mzima utakucheka. Wakanywa, wakala, wakalala, wakaamka wakaomba chai tena. Kila mpita njia akachungulia langoni kuuliza kuna sherehe gani. Mama mkwe akavumilia, akavumilia, mwisho akaufyata. Dada mtu akaulizwa mbele ya wote anataka nini. Akasema anataka kukaa na mwanawe, na funguo za ghala akabidhiwe yeye. Akakabidhiwa!

"Wale hawakuogopa ngumi," Bi Lan akaniambia, "waliogopa watu kujua."

Loo, damu ilinichemka! Tiketi ilikuwa ya Jumapili. Jumamosi asubuhi nikawa nimeshawakusanya wanawake wetu wa Auburn, na Wanjiru, Mkenya tuliyefanya naye kazi, ambaye nilipomweleza alisema tu, "Zii! Hiyo haiwezekani," akaenda kuvaa gauni lake la harusi za watu. Tukapanda treni na masufuria, mchele, mbuzi aliyekwisha kukatwakatwa, udi na chetezo. Stesheni ya Granville tukabadilisha treni, kishindo kama tunahama nchi. Wazungu wa watu wakatupisha viti.

Shaaban akafungua mlango. Akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango!

"Assalaam alaykum, shemeji!" nikasema, tena kwa tabasamu. "Tumekuja kumuaga dada. Si anakwenda kusalimia wazee?"

Aseme nini? Maneno ni yake mwenyewe. Tukaingia. Wengine jikoni, wengine sebuleni, udi ukafuka mpaka kwa majirani. Hakuna aliyemtolea neno baya, kwa Mungu. Kila mgeni aliyeingia alimsalimia kwa adabu zote, akaulizia watu wa nyumbani, kisha akauliza, "Na mkeo anarudi lini?" Shaaban akajibu ataangalia huko huko. Anakuja mwingine: "Na mkeo anarudi lini?" Jasho likamtiririka, na hali ya hewa ilikuwa baridi!

Adhuhuri akaingia Bi Lan. Koti la hariri ya buluu, kapu la machungwa, kichwa juu. Akakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

"Huyu nani?" Shaaban akaniuliza pembeni.

"Shangazi yetu."

"Shangazi yenu Mchina?"

"Wa upande wa kazini," nikamwambia. Bi Lan akaomba chai, na akataka aletewe na mwenye nyumba mwenyewe. Shaaban akaileta. Akamwuliza na sukari vijiko vingapi, mwanangu!

Kumbe alikuwa amempigia simu ami aje atuondoe. Ami akafika amekunja uso, fimbo mkononi. Wanjiru akampa kiti na sahani, akamwuliza kwa upole tiketi ya kurudi iko wapi. Ami alikuwa anaamini nimetia chumvi. Akamgeukia Shaaban: "Haya, waoneshe ya kurudi, wanyamaze." Shaaban akajipapasa mifuko, hana cha kuonesha. Rukia yuko mapajani kwa mama yake, ameshika sikio, anasinzia. Ami akamtazama mtoto yule, kisha akaweka sahani chini.

"Zuhura, mwanangu. Wewe unataka nini?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza! Hata mimi na masufuria yangu sikumwuliza. Nikadhani atalia. Dada yangu akasimama na mtoto begani, akasema, "Namtaka mwanangu, na ndege sipandi." Halafu akamtazama mumewe. "Wewe ndiye uliyeichoka nyumba hii, Shaaban. Mlango ule pale."

Vigelegele! Wanjiru alipiga cha kwao, sisi tukapiga vya kwetu, Bi Lan akapiga makofi mpaka machungwa yakamwagika. Shaaban alitafuta koti lake, akapita katikati yetu akisema samahani, samahani, akaenda zake. Talaka aliiandika baadaye kwa utaratibu, mbele ya ami. Na ile habari ya karatasi kuwa mikononi mwake, tulikwenda kuuliza wanaohusika: uongo mtupu! Ami naye alimwomba dada radhi pale pale, kisha akaomba aongezwe biriani.

Sasa nisikilize. Sikwambii Aisha anateswa. Sijui, na wewe hujui, na hilo ndilo linaloninyima raha. Anayemwonea mtu ndani hupenda nyumba yenye kimya, na sisi watu wa heshima ndio tunaomlindia kimya hicho, tukijiita tusioingilia. Dada yako hakutolewa kwetu, mwanangu, aliolewa tu. Mwendee. Nenda mchana, nenda na chakula, msalimie mumewe kama inavyostahili, usitukane mtu. Kisha umwulize dada yako anataka nini, na jibu lake ulifuate, hata kama ni kukaa. Kama yuko salama, tutakuwa tumekunywa chai, tutacheka, tutarudi, na hakuna kilichoharibika.

Mungu akupe miguu ya kumfikia nduguyo kabla hajakuita, akupe na wewe ndugu watakaojaza nyumba yako siku utakaposhindwa kusema. Akuweke na Aisha mkono kwa mkono mpaka mzeeke. Amin. Haya, mimi buibui nimeshavaa. Vaa viatu, treni ya St Marys kwa dada yako haitungoji.