Gobori Lililopungua Vidole Viwili

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana hata mimi ningemcheka mtu anayenisimulia haya. Lakini yalinipata mimi, mchana kweupe, jua la Oktoba likiwa utosini, kwenye kibanda changu cha useremala pale Kauma, Lilongwe. Sikuwa nimelewa. Bia sinywi, na kanisani kwetu wananijua.

Kwanza nikueleze kazi ya baba. Kule milimani nyuma ya Bukavu alikuwa fundi wa magobori, zile bunduki ndefu za kuwindia ambazo baruti unaishindilia kwa kijiti kupitia mdomo wa mtutu. Mtutu aliutengeneza kwa bomba la chuma. Kitako alikichonga kwa mbao nyekundu ya libuyu, akakizungushia waya wa shaba, akakipaka mafuta ya mawese mpaka kikang'aa. Watu walikuja kuyatazama tu, hata wasionunua. Mimi nilikuwa nikipitisha kidole juu ya kitako kipya nasahau njaa.

Baba alikuwa na sheria moja. Kitako kinapimwa kwa mkono wa mwenye bunduki, toka kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia, na mwenyewe awepo. Kikiwa kifupi, bunduki inaporudi nyuma inampiga usoni.

Kaka yangu Bahati alipotaka la kwake, baba alikuwa kitandani, anaumwa, na kazi ikawa yangu. Bahati alikuwa machimboni, harudi upesi. Nikapimia mkono wangu mwenyewe. Si ndugu? Si tumbo moja? Baba akaniuliza kutoka kitandani, "Ulimupima?"

"Njo, papa, nilimupima," nikajibu; njo kwetu ni ndiyo.

Mama alikuwa palepale anashona, alisikia.

Bahati aliingia porini na gobori lile mara moja tu. Hakurudi, yeye wala bunduki. Baba akafa, vita ikaja, mimi na mama tukaishia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ninakorudi Jumamosi. Miaka yote hii, kila gari likileta wakimbizi wapya, mama huenda kuwauliza kama kuna aliyemwona Bahati. Mimi nilikuwa nikimsindikiza, nimenyamaza. Nilizoea. Ukishazoea, moyo hausikii kitu.

Siku hiyo nilikuwa napiga randa mlango wa mteja wa mtaa wa Area 49. Akaja mwanamume mrefu, amejifunga kitambaa shavu la kulia mpaka jichoni, amebeba kitu kilichoviringwa kwenye kitenge. Hakusalimu.

"Fundi, iko fupi," akasema, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa.

Nikafungua kitenge. Nisikudanganye, nilifikiria polisi kwanza; mkimbizi akikutwa na bunduki amekwisha. Halafu nikaona libuyu. Nikaona waya wa shaba. Chini ya mtambo wa kufyatulia kulikuwa na mikato miwili, alama yangu mimi. Lilikuwa linang'aa kama siku nilipolipaka mafuta, na niamini, jambo la kwanza nililowaza ni kwamba ni zuri. Sikulia, sikukimbia. Nililishika tu.

Nikachukua futi ya kupimia. Akatikisa kichwa.

"Hapana na ile. Na mukono."

Akalaza mkono wake kando ya wangu juu ya meza ya kazi. Ulikuwa baridi, katika joto lile. Wake uliuzidi wangu kwa vidole viwili.

"Njo ile ilibakia," akasema.

Wewe ungemwambia nini? Mimi nilimrudishia kaka yangu gobori lake. Akaweka kitako begani, akalaza juu yake lile shavu lililofungwa. Kilimtosha. Sikuwa nimekata wala kuongeza hata kipande cha mbao.

"Sasa iko muzuri," akasema. Akaliviringa tena, akashika njia ya barabarani.

Mzee mmoja wa kabaza, zile teksi za baiskeli, anayeegesha yake kwenye kivuli cha kibanda changu, akaniuliza kwa nini nimelaza mkono mezani peke yangu muda wote ule. Nikachukua randa, nikaendelea na mlango.

Jumamosi nikarudi Dzaleka. Mama bado anashona, na alikuwa ananitengenezea shati la kanisani. Akapima mkono wa kushoto. Akapima wa kulia, akarudia, akarudia tena. Wa kulia ulikuwa umepungua vidole viwili. Mama ni mke wa fundi wa magobori, hakuhitaji kuelezwa. Akaweka futi chini.

"Ile gobori ya Bahati. Ulimupima?"

"Hapana, mama. Nilijipima miye."

Hakulia. Alichukua mkasi, akapunguza mkono wa kulia wa shati, akaendelea kushona. Tangu siku hiyo magari ya wakimbizi yanaingia na yeye haendi tena kuuliza.

Kwa hiyo wewe unayepima watu kwa kazi yako, iwe nguo, iwe kiatu, iwe jeneza, mpime mwenyewe. Na kama uliwahi kusema umempima na hukumpima, nenda ukaseme leo kwa mdomo wako, kabla hajaja kuchukua kilichobaki.

Mkono wangu una ganzi toka kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia. Nsima, ugali wa huku, ikiwa ya moto siisikii. Mama hunitazama ninavyonyoosha mkono kwenye sahani, huniambia, "Ngoja, itakuunguza." Siku hizi ndilo neno pekee analoniambia.