Siku Tuliyoizika Lumbesa

Siku Rais mpya alipolihutubia Bunge kuhusu uchumi, mimi nilikuwa nimekaa juu ya lori la viazi pale Makambako, sindano mkononi, nikifanya kazi ileile ambayo baada ya muda mfupi angeikemea mbele ya nchi nzima.

Kwa msomaji ambaye hajafika kwenye soko letu, nieleze kwanza kazi hiyo. Gunia la viazi la kawaida linameza debe sita, unalishona mdomo, yameisha. Lumbesa ni gunia unalolijaza mpaka mdomoni, kisha ukalishonea kipande cha gunia jingine juu yake, ukajaza tena debe mbili, na mnunuzi akiwa na tamaa, tatu. Gunia linaota kichwa. Linaondoka sokoni likiitwa gunia moja, na kile kichwa mkulima ametoa bure. Kati ya mkulima na mnunuzi anakaa mtu mwenye shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, na kwa zaidi ya miaka thelathini pale Makambako mtu huyo alikuwa mimi.

Vichwa vyangu vilikuwa na sifa. Lori lingeweza kuteremka milima yote mpaka pwani na kichwa nilichokishona mimi kisilegee. Madereva waliniita fundi bila kuongeza neno, kana kwamba mji mzima hauna fundi mwingine, wa cherehani wala wa baiskeli. Niliipenda sana sifa hiyo. Nilisoma mpaka kidato cha nne, hesabu niliijua, na nilijua fika kila debe la juu limetoka mfukoni mwa nani. Nikiulizwa nilisema bei wanapanga wakubwa, mimi nashona tu.

Mwaka mmoja magunia yaliyoletwa mbele yangu yalikuwa ya mdogo wangu, dada yangu tuliyenyonya ziwa moja, anayelima upande wa Njombe. Alikuja na magunia kumi, kila moja limejaa sawasawa, akiwa ameshapanga kwamba hayo kumi ni bati za nyumba yake. Mnunuzi akataka vichwa. Dada akanitazama. Alitegemea niseme kitu, maana ndiyo sababu aliyaleta Makambako badala ya kuyauzia kwao. Mimi nikatia kamba kwenye sindano. Kumi yakawa saba. Alirudi nyumbani bila bati, akalala chini ya nyasi zinazovuja masika matatu zaidi, na tangu siku ile hakuleta tena kiazi Makambako wala hakuniita kaka. Tulipokutana misibani alinipa mkono, basi. Miaka tisa.

Sasa turudi kwenye hotuba. Dereva alikuwa amefungua milango yote miwili ya lori na kupandisha sauti ya redio mpaka mwisho, na watu wakajazana chini na vikombe vyao vya chai. Baridi ilikuwa ile ya Makambako, ya upepo, ambayo huwa haina habari na koti. Nilitegemea watu wasikilize kidogo kisha watawanyike, kama tulivyozoea. Hawakutawanyika. Rais mpya alizungumza polepole, kama mtu anayewasomea wazazi wake barua, na kila alipogusa zao au kazi, mwenye kazi hiyo aliruka juu.

Muuza mbao alisikia mbao na kuanza kupeana mikono na kila mtu kama bwana harusi. Mama mmoja mwenye miche ya parachichi alisikia parachichi, akamwambia jirani yake kuwa kuanzia leo amsalimie kwa heshima. Kulikuwa na mzee mwenzangu kutoka Ludewa, muuza dagaa wa Ziwa Nyasa, ambaye tulikuwa tukimtania kila siku kuhusu chuma cha Liganga. Tangu tukiwa shule ya msingi tumekuwa tukisikia kwamba chuma hicho kitachimbwa. Kilipotajwa tena, alivua kofia na kuiweka kifuani. Mtu akamwambia, "Mzee, hata babu yako alivua hiyohiyo kofia." Akajibu bila kugeuka kwamba babu yake alikuwa na haraka, yeye hana, kisha akawanunulia chai watu watatu asiowajua.

Ndipo Rais akafika kwenye vipimo. Akasema mkulima auze kwa mizani, na magunia ya kujaza kupita mdomo yaachwe. Hayo ni maneno yangu, ya kwake yalikuwa mazuri zaidi. Redio ikaendelea, ila chini ya lori nyuso zote zikainuka pamoja kunitazama mimi, nimekaa pale juu, sindano imeingia nusu kwenye kichwa cha gunia.

Mama lishe aliyekuwa akinipikia chai tangu akiwa binti aliweka birika chini. "Fundi," akasema, "utashuka mwenyewe au tukushushe?"

Nikacheka. Sikucheka kwa aibu wala kwa ujanja. Kicheko kilinitoka tumboni kama cha mtoto anayetekenywa, na nilipocheka mimi soko zima likalipuka. Wapakiaji walinishusha wakiwa wamenibeba mabegani. Hata leo sijui ni nani aliyesema kwanza kwamba aliyekufa azikwe, lakini dakika chache baadaye lile gunia nililokuwa nalishona lilishushwa, likafunikwa khanga, likabebwa na wanaume sita kwa mwendo wa jeneza, kichwa mbele. Akina mama walifuata nyuma wakiomboleza. Mmoja alilia kwa sauti akiuliza nani sasa atawapunja, ametuacha na nani. Mwingine alizimia kwa utaratibu kabisa, baada ya kuchagua mahali pasipo na matope.

Mzee wa kanisa mmoja alipita akitoka dukani, akasimama, akatuambia hayo si mambo ya kuchezea. Wabebaji wakalitua gunia chini. Akalitazama gunia, akauliza ni lumbesa kweli au ni gunia la kawaida. Akaambiwa ni lumbesa. "Kama ni lumbesa, endeleeni," akasema, akaenda zake, na huku nyuma watu walishikana ili wasianguke.

Kila msiba una mfiwa, na mfiwa nilikuwa mimi. Walinikalisha kwenye mkeka, wakanifunga khanga kiunoni, wakaichukua shazia yangu na kuilaza juu ya kitambaa mbele yangu, na watu wakapanga mstari kunipa pole. Pole sana fundi, alikuwa mgonjwa? Hakuugua, nikawa nawajibu, ameanguka ghafla wakati wa hotuba. Umri wake? Mtu mzima, ameshiba vya watu. Nilikuwa napenga kamasi kwenye khanga, machozi ya kicheko yakinitiririka, na nakiri kwamba sikumbuki siku nyingine katika uzee wangu niliyopata raha kiasi kile.

Katika mstari ule alikuwamo bibi mmoja wa kijiji cha dada yangu, amekuja mjini kununua mbegu. Akapiga goti kama inavyotakiwa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole na msiba," akasema. Kisha akanisogelea. "Na mdogo wako ameshapewa taarifa?"

Alikuwa anatania, kwa nusu. Waliokuwa karibu walicheka. Mimi nikabaki nimeshika mkono wake. Ndiyo kwanza ikanijia kwamba watu wote wale walikuwa wanacheka kitu nilichokifanya kweli, kwa mkono huu, kwa mtu wa damu yangu.

Nilisimama. Nikachukua shazia yangu pale kwenye kitambaa, na mama lishe akaniuliza mfiwa anakwenda wapi kabla ya kuzika. Nikasema nakwenda kutoa taarifa. Walinipigia vigelegele mpaka barabarani. Gari la Njombe lilikuwa linaondoka, nikapanda, na njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu dirishani kisha naogopa, nacheka tena kisha naogopa. Abiria wenzangu walikuwa wanabishana kuhusu hotuba, mmoja akisema uchumi utapanda, mwingine akisema kwake umeshapanda tangu saa tano. Nilipofika Njombe ndipo nilipogundua kuwa bado nimefungwa khanga.

Nilimkuta dada uani, jua bado liko juu. Viazi alikuwa amevirundika na kuvifunika nyasi kavu visipigwe jua vikageuka kijani. Nyumba yake siku hizi ina bati, aliziweka mwenyewe, na ziliwaka mbele yangu mpaka nikafumba macho.

"Kamwene," nikamsalimia.

Akaitika. Akaitazama khanga. Akarudi kwenye viazi alivyokuwa akivichambua.

Nikaanza kumsimulia. Jeneza, mama aliyezimia kwa utaratibu, mzee wa kanisa, yote. Nilisimulia vizuri, maana kusimulia najua, na nilikuwa natazamia acheke. Hakucheka. Aliendelea kuchambua viazi, vidogo huku, vikubwa kule. Nilipomaliza alisema yeye pia ana redio.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema.

"Ulikuwa unamsubiri Rais aje akwambie?"

Njiani nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nikayaacha. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nilikuwa na miaka tisa ya kuja bila hotuba ya mtu yeyote, na nauli nilikuwa nayo, na njia niliijua. Siku ile ya magunia kumi nilimwona akinitazama na nilijua anataka nini. Neno moja lingetosha, kwa sababu mnunuzi yule alinihitaji mimi kuliko nilivyomhitaji yeye. Sikulisema kwa kuwa niliogopa wasiniite tena fundi.

Alichambua viazi kama debe moja hivi. Kisha akanionyesha magunia matupu kwa kidevu. Kesho mnunuzi wa Njombe anakuja na mizani, akasema, na yeye mgongo unamuuma. "Sindano si unayo. Shona."

Nikavua khanga, nikakaa chini. Yeye akajaza, mimi nikashona. Mikono yangu ilifurahi kupata kazi, na moyo wangu ukawa mwepesi kuliko pale Makambako, nikaanza kumsimulia tena habari ya mzee wa Ludewa na kofia yake. Dada akaleta debe, akaleta jingine. Nikawa naongea, navuta kamba, naongea. Nikakata uzi kwa meno na kulipiga gunia kofi mgongoni, kama fundi anavyofanya kazi ikikamilika.

Dada alikuwa amesimama na debe tupu mkononi, ananitazama usoni, si gunia. Ndipo nami nikatazama.

Lilikuwa na kichwa. Kichwa kizuri, cha mviringo, kilichobana, pengine kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushona. Nilikuwa nimempunja dada yangu mara ya pili, siku ya kumwomba radhi, nyumbani kwake, na mnunuzi hayupo hata mmoja. Hata kile kipande cha gunia cha kuongezea sikumbuki nilikiokota wapi.

"Kaka," akasema. Miaka tisa sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake. "Huyu marehemu wenu mbona amekufuata?"

Akaanza kucheka. Alicheka kama alivyokuwa akicheka tukiwa watoto, bila sauti kwanza, mabega tu, kisha ikamtoka yote na debe likamwanguka. Alilazimika kushika ukuta. Kila alipotaka kusimama wima aliliona gunia, akarudi ukutani. Nami nikacheka mpaka mbavu zikauma, nikiwa nimekumbatia kichwa kile, na jirani akaja hadi kwenye ua kuuliza kuna nini, akaondoka bila kujibiwa.

Sitaki kudanganya kwamba hotuba ilimaliza mambo. Baada ya wiki chache vichwa vilianza kuota tena Makambako, kidogo kidogo, na wanaovishona sasa ni vijana niliowafundisha mwenyewe, nami nawaambia, nao wananiitikia shikamoo na kuendelea. Mbao zina bei zake. Mzee wa Ludewa bado anasubiri chuma chake na kofia yake iko tayari. Mimi nashona midomo ya kawaida tu, kwa anayetaka, na wanaotaka si wengi.

Lakini alasiri ile nilikifumua kichwa kile mshono kwa mshono, dada akihesabu kwa sauti kila kiazi kilichomrudia mapajani. Kushona mdomo bapa kulinishinda mara mbili. Mkono unataka kuacha nafasi, unaurudisha, unaacha tena. Mara ya tatu ukakaa. Dada akapitisha kiganja juu ya mshono, huku na huku, akitafuta kosa.

Halafu akageuka, akakaa juu yake. Lumbesa haikaliki, inakutupa. Yeye alikaa imara, akaunyoosha mgongo wake unaouma, akaniambia niingie ndani nilete chai, vikombe viko palepale vilipokuwa vya mama.