Nilivyoanza kazi Guangzhou huku nyumbani nalipwa pensheni ya mgongo

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Hili jambo nimelikalia miaka mingi kwa aibu. Leo nalitoa kama lilivyo, bila chumvi. Atakayeona nimejipendelea mahali anikosoe.

Ni miaka ya tisini mwishoni. Baadhi yenu humu mlikuwa bado mnanyonya.

Nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha unga Dar. Siku moja ngazi ikateleza nikiwa juu, nikaangukia mgongo. Madaktari wakasema pingili mbili za chini zimeumia, kazi ya kunyanyua vitu vizito ndiyo basi tena. Bodi ya madaktari ikanipima, na mfuko wa hifadhi ukaanza kunilipa pensheni ya ulemavu kila mwezi.

Haikuwa hela ya kujengea ghorofa. Ila ndiyo iliyomlisha mke wangu, mama Salma, na watoto wetu wawili, na ndiyo iliyoninunulia dawa.

Kila mwaka unajaza fomu. Daktari anathibitisha kuwa bado unaumwa, halafu kuna swali: "Je, unafanya kazi yoyote ya kukuingizia kipato?"

Miaka miwili ya mwanzo niliandika Hapana, na ilikuwa kweli.

Sasa nina kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anaitwa Idrisa. Yeye alishatangulia Guangzhou, ana kiofisi jengo la Tianxiu, anasafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu. Akanipigia simu.

"Njoo mdogo wangu. Kazi yenyewe ya kuhesabu maboksi na kuandika. Kunyanyua watanyanyua wenyewe Wachina."

Nikaenda. Nisiwafiche, nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani napewa pole na kila anayepita.

Asubuhi nawapeleka wateja mtaa wa Yide Lu kwenye midoli na madaftari, mchana tunahamia soko la Shahe kwenye nguo. Nilitembea na kimto changu, nikichoka nakikalia juu ya boksi. Malipo ni kamisheni: mwezi huu ipo, mwezi ujao hamna.

Hapa niseme kitu. Mgongo una siku zake wakuu. Leo unatembea Shahe nzima, kesho soksi tu huwezi kuvaa. Watu wakikuona siku nzuri wanasema umepona.

Kitu kingine, kule bila business card hakuna laoban, yaani bosi wa duka, atakayekupa bei ya maana. Unampa kadi yako kwa mikono miwili, naye anakupa yake. Idrisa akanichapishia boksi zima. Jina langu kwa Kiingereza na Kichina, chini yake "Managing Director".

Nikamuuliza, "Director wa nini, kaka? Wa kimto?"

Akacheka, akasema, "Hapa hakuna mtu mdogo kwenye kadi."

Mwaka ukazunguka, mama Salma akanitumia fomu kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja. Nikaikodolea macho siku tatu.

Kilichonitisha ni hiki. Nikiandika Ndiyo, watanifuta. Kamisheni ikikauka au mgongo ukigoma, nani atanirudisha kwenye orodha? Watoto watakula nini? Niliwauliza jamaa pale Tianxiu, kila mtu akaja na jibu lake, na wote walikuwa wanakisia. Mfuko wenyewe sikuuuliza. Nilidhani kuuliza tu ni sawa na kujichongea.

Nikaandika Hapana.

Hospitali nilikwenda kweli, picha ya X-ray ikapigwa, daktari wa Kichina akaandika kuwa pingili bado ni mbovu. Idrisa akanitafutia mtu wa kuitafsiri ile barua kwa Kiingereza. Uongo ulikuwa neno moja tu kwenye karatasi nzima, na ndilo lililoninyima raha.

Bahasha nikampa Da Zuhura, mama wa Kariakoo aliyekuwa mteja wetu wa midoli, aifikishe ofisi za mfuko. Ndivyo tulivyokuwa tunatuma mambo yetu, anayerudi anabeba vya wenzake.

Wiki tatu baadaye akapiga simu ofisini kwa Idrisa.

"Mdogo wangu, bahasha nimefikisha mwenyewe. Tena nimekuta watu wastaarabu kweli kweli."

"Ahsante dada. Wamesema nini?"

"Wameniuliza unapatikana wapi huko. Mimi mitaa ya Kichina naijulia wapi? Nikawapa kadi yako."

"Kadi gani, dada?"

"Si ile ya ofisini, yenye cheo! Mama mmoja wa pale akaisoma, akaigeuza, akaibana na pini kwenye fomu yako. Nikamwambia huyu kijana wetu anajituma sana, Guangzhou nzima wanamjua."

Wakuu, hapo hapo nikajua ile kadi imeshanichongea. Nikamshukuru, nikakata simu. Ningemlaumu vipi? Alikuwa ananisifia.

Kuanzia hapo sikuwa mtu tena. Mashine ya fax ikilia tu, nakimbilia kusoma. Nahesabu maboksi arobaini, nikirudia napata thelathini na nane, mpaka Idrisa akaninyang'anya daftari.

Mwisho wa mwezi mama Salma akapiga kutoka dukani kwa jirani. Pensheni haijaingia. Nikamwambia labda ni uzembe wa benki. Yaani nikaongeza uongo wa pili.

Siku chache baadaye fax ya mfuko ikaja, kwa namba ya kwenye kadi: fika mwenyewe mbele ya bodi ya madaktari, Dar es Salaam.

Ushauri ukamiminika. Mmoja akasema nisiende, mwingine akasema nenda umejikunja, nunua mkongojo. Mimi nikanunua. Nilikuwa na maumivu ya kweli kabisa, bado nikanunua kifaa cha kuigizia.

Basi Mungu si Athumani. Ndege mbili, kukaa saa nyingi, kufika Dar mgongo umekaza kama ubao. Ule mkongojo nikauegemea kikweli.

Chumbani walikuwa madaktari wawili na yule mama wa mfuko. Kadi yangu ipo mezani.

Daktari akasema, "Inama."

Nikashindwa. Nikajaribu tena, machozi yakanitoka. Nikawaona wanatazamana.

Sijawahi kujisikia vibaya vile. Unaumwa kweli, mbele ya watu wanaodhani unaigiza, na huwezi hata kukasirika kwa sababu kuigiza ndiko ulikokuwa umepanga.

Nikaeleza yote. Kamisheni, kimto, kadi, na lile Hapana.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mgongo wako tunauamini, picha zinaonyesha. Na hiyo kazi ya kukaa, ungetuandikia barua tungekupima upya, tukaona ulipwe kiasi gani wakati unajaribu. Wapo tuliowafanyia hivyo. Lakini wewe umeandika Hapana kwa mkono wako."

"Na mgongo ukikataa kabisa, mama?"

"Utaomba upya, kama mtu ambaye hatujawahi kumwona."

Pensheni ikasimamishwa, na ya miezi niliyofanya kazi nikatakiwa kuirudisha kidogo kidogo.

Nyumbani nilitegemea mama Salma angefoka. Hakufoka. Aliniwekea chai, akakaa.

"Kwa hiyo wangekuruhusu?"

"Ndiyo."

"Ulishindwa nini kuuliza?"

Nikanywa chai.

Nililala kitandani mwezi mzima, halafu nikarudi Guangzhou maana hapakuwa na pengine pa kutegemea. Mgongo umenivumilia, namshukuru Mungu. Ila miaka yote ile, kabla sijashuka kitandani, naujaribu kwanza, mguu mmoja halafu mwingine, nikiwa na hofu kwamba leo ndiyo leo.

Nilichojifunza: kama unalipwa kwa ajili ya ugonjwa na umepata kazi hata ya saa mbili, waandikie wanaokulipa kabla hujaanza. Hakikisha wamegonga muhuri wa kupokea, baki na nakala. Kila mfuko una taratibu zake, usitegemee za kijiweni kama nilivyofanya. Waeleze na siku zako mbaya, siyo nzuri tu.

Waliowahi kupimwa upya wakiwa kazini, mwageni uzoefu wenu hapa chini. Wa kunisema nao waseme, sina kinyongo.

Na mwenye jibu la lile swali la mama Salma anisaidie. Yeye ameshatangulia mbele za haki, na mimi sikuwahi kumjibu.