Lengalenga kwenye Njia ya Nne

Kwa miaka sita Papa Lumbala aliomba treni. Kila Jumapili wengine walipoombea watoto na visa, yeye alisimama akamkumbusha Mungu habari za injini na grisi, kana kwamba mbinguni kuna depo. Mke wake, Mama Sephora, aliomba mvua. Mungu akaanza na mama, jambo ambalo mzee hakulipenda.

Papa Lumbala alikuwa aiguilleur, yule anayegeuza reli ili treni ishike njia hii au ile. Nyumba yao katika kambi ya reli, hapa Kamina, imeegemea njia ya nne, ya kuegesha mabehewa. Miaka sita iliyopita, treni zilipokoma na behewa la mwisho kuondoka hapo, Mama Sephora aliangalia zile reli mbili akaona tuta ambalo Wabelgiji, waliojenga reli, walikwisha kulipima. Akabeba udongo wa kichuguu, beseni baada ya beseni, akaumwaga juu ya kokoto.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwishoni mwa Septemba. Baada ya wiki mbili lengalenga, mchicha wa huku, lilikuwa na majani manne, na shu, yaani kabichi, zimetoka kitaluni, kila mche umevikwa kofia ya majani dhidi ya jua. Watu saba wa nyumba ile walikuwa wanaitazama bustani kama watu wanaotazama sufuria: unga wa muhogo ulibaki nusu gunia.

Jumanne asubuhi akaja Chrispin, naibu wa mkuu wa stesheni.

"Papa Lumbala, jambo. Treni inakuja leo."

Mzee aliruka hata kiti kikaanguka.

"Kweli?"

"Kweli, papa. Lakini behewa moja iko mubaya, gurudumu imekufa. Tutaiacha hapa, njia ya ine. Na ile levier ya kugeuza reli imeshika kutu. Weye tu njo unajua kuifungua."

"Siku ngapi?"

"Wiki moja tu."

Mama Sephora aliinua kichwa chake kutoka katikati ya reli.

"Chrispin, mwanangu, ile behewa ya njia ya tatu ulisema wiki ngapi?"

"Ile, mama... ile ilikuwa mambo ingine."

"Sasa iko na nyuki."

Chrispin alikumbuka kwamba ana haraka, akaondoka. Mama akamgeukia mumewe.

"Kataa. Sema umesahau. Muzee wa miaka makumi saba, nani atashangaa?"

"Mama Sephora, miye naweza kusahau hata jina yako. Hii levier, hapana."

Akaingia jikoni, akatoka na chupa ya mawese, ile ya mboga ya wiki nzima, akaimimina yote kwenye chuma. Chuma kililia kama mbuzi, kikageuka. Uso wa mzee ukawa wa bwana harusi. Mama Sephora aliinama kwenye kitalu. Alianza kung'oa shu moja moja na udongo wake. Alikuwa amefikisha ishirini honi iliposikika.

Papa Lumbala alikuwa amevaa kepi, kofia yake ya kazi, na kushika bendera. Injini ikasukuma behewa polepole juu ya bustani, dereva akampigia saluti, mzee akairudisha. Alikuwa mtu wa maana kwa nusu dakika kamili. Kisha injini ikaachana na behewa, ikaenda zake.

Mzee alipiga magoti, akachungulia chini ya behewa. Magurudumu yalipita juu ya chuma, kama yanavyopaswa, na lengalenga lilikuwa bado limesimama katikati, gizani, huku grisi ikilidondokea.

"Haikukufa," alisema.

"Bado," alijibu Mama Sephora.

Akamvua kepi, akamkabidhi beseni tupu.

"Shu makumi mbili ziko kwa kivuli pale. Zinataka udongo leo, mbele ya jua kushuka. Kichuguu unakijua?"

Hakukijua. Miaka sita, na ilibidi aulize njia.