Nyota Tatu kwa Filamu ya Mama Mkwe

Fundi wa mafriji anajua mambo ya watu kuliko mganga. Akishafungua mlango tu, ameshaona nani katika nyumba hiyo anaficha soda nyuma ya kabichi, na nani alinunua dawa ya kikohozi mwaka juzi akaisahau. Huyu tunayemzungumzia alikuwa na miaka kumi na minane katika kazi hiyo, na siri zote alizibeba kimya, maana kazi yake ilikuwa kuliponya friji, si kulisema.

Ugumu wa kazi haukuwa kutengeneza. Ulikuwa kungoja. Ukishaziba panapovuja, ukajaza gesi, ukawasha kompresa, huwezi kuchukua mkoba wako ukaondoka. Unaweka bilauri ya maji ndani, unafunga mlango, unakaa jikoni kwa watu saa mbili nzima uone kama maji yatapoa. Mwenye nyumba anakuonea haya, nawe unamwonea haya, mnazungumza habari za jua na mvua mpaka zinaisha. Ndiyo maana siku aliyokutana na lile kundi la filamu kwenye simu yake, alijiona kama mtu aliyesimama siku nyingi akaletewa kiti.

Kundi lenyewe lilikuwa na wanachama mia mbili na ushei, na kazi yao ilikuwa moja, tena isiyomletea mtu faida yoyote: kubuni filamu ambazo hazipo, kisha kuzihakiki kana kwamba wamezitazama. Kila Jumamosi mwanachama mmoja alitoa filamu yake, yaani jina, urefu, na kisa kwa mistari kumi. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye duka la dawa ambaye hakuna aliyewahi kumwona kwa macho, alipiga kura, na aliyeangukiwa na kura alitakiwa kuleta uhakiki kabla ya Jumatano kwisha. Sheria zilikuwa tatu. Hakuna kukiri kwamba filamu haipo. Hakuna kukataa filamu uliyopangiwa. Na hakuna kusifia bure: kila mhakiki ataje kasoro ya kweli, kwani mgema akisifiwa, Mwenyekiti alipenda kuwakumbusha, tembo hulitia maji.

Humo ndani fundi wetu aliitwa Baridi. Jina lilianza kwa ajili ya mafriji, likabaki kwa ajili ya kalamu yake. Filamu moja ya saa tatu, inayohusu foleni tu mwanzo mpaka mwisho, aliiandikia kwamba foleni imeigiza vizuri kuliko waigizaji, ila mtu wa arobaini alifika dirishani na kumkuta karani bado yupo, jambo ambalo mtazamaji mwenye akili zake hawezi kuliamini. Filamu ya kinyozi wa mfalme mwenye upara aliipa nyota mbili, moja ya mfalme na moja ya upara. Watu walikuwa wanamngoja kama wanavyongoja mkate utoke.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Alikuwa mkunga mstaafu, na alikuja kwa wiki tatu ili atibiwe macho. Macho yalipona wiki ya pili. Huu ulikuwa mwezi wa tano, na hakuna aliyemuuliza lolote, Baridi akiwa wa mwisho kabisa kutaka aulizwe. Kwa miaka tisa ya ndoa mama huyu alikuwa hamwiti mkwewe kwa jina wala kwa heshima. Alimwita "huyo fundi", kwa sababu alitaka binti yake aolewe na mtu mwenye ofisi, na ofisi ya huyu ilikuwa mkoba wa bisibisi. Kisha alasiri moja akamkuta anacheka peke yake na simu. Akataka asomewe. Akasomewa ile ya foleni, akacheka mpaka akavua miwani yake mipya akaifuta.

"Mwanangu," alisema, "hebu nisomee nyingine."

Baridi alisoma nne. Tangu siku hiyo ikawa mwanangu mezani, mwanangu mlangoni, mwanangu umekula? Neno moja, na alilingoja miaka tisa. Alilishika kama mtu anavyoshika yai.

Haikupita muda mama naye akajiunga na kundi, kwa jina la Mkunga. Alisoma kila kitu. Mhakiki akisifia mno, alisonya na kusema kwa sauti, "Huyu anajipendekeza." Hivyo katika nyumba ile hakuna aliyeweza kujidai hajui mama anawaonaje watu wa sifa za bure.

Jumamosi moja zamu ya kutoa filamu ikamfikia mama. Jina lake *Mtu wa Nguzo*, saa moja na nusu. Kisa ni cha fundi wa simu wa zamani, enzi za waya na nguzo, anayeunganisha wilaya nzima: hospitali na vijiji, shule na wazazi, ndugu na ndugu. Hana hasira. Hachelewi. Halalamiki. Kwa mkewe ni asali. Anastaafu, anazeeka vizuri, anafariki akitabasamu. Mwisho.

Baridi hakuhitaji kuambiwa huyo ni nani. Picha yake ilikuwa ukutani sebuleni, na mkanda wa kupandia nguzo umemzunguka kiuno. Baba mkwe alifariki kabla ya ndoa yao, na mkewe alipoulizwa habari za baba yake alikuwa na jibu moja tu: alikuwa mtu mzuri. Mwenyekiti akapiga kura mbele ya wote, na kura, ambayo haina macho wala adabu, ikamwangukia Baridi.

"Mpe tano, yaishe," mkewe alimwambia. Yeye alikuwa karani wa shule, na alipenda mambo yanayokwisha.

"Hakuna tano. Lazima nitaje kasoro."

"Basi taja ndogo. Sema muziki ulikuwa juu."

"Mama atajua kwamba nampaka mafuta."

"Atajua, kweli. Na ukitaja kubwa?"

"Narudi kuwa huyo fundi."

Mkewe alicheka, kisha akaacha, kwa sababu aliona mwenzake hacheki.

Jumanne Baridi alikuwa jikoni kwa mwoka keki, bilauri yake iko ndani ya friji, simu iko mkononi. Aliandika uhakiki wa sifa tupu. Ulikuwa mtamu na laini. Aliusoma mara mbili, akaona ni sawa na kumwambia mwenye friji kwamba maji yamepoa wakati hujayagusa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku aliyokuwa na homa. Akaufuta. Akaandika mwingine, na Jumatano asubuhi, kabla moyo haujambadilikia, akautuma:

"Nimeitazama *Mtu wa Nguzo* nikiwa safu ya tatu. Ni filamu iliyotengenezwa kwa mapenzi, na inaonekana. Picha za nguzo ndani ya ukungu ni nzuri hata nikasahau kutafuna. Lakini nimetoka ukumbini sijakutana na mtu. Shujaa hakosei hata mara moja. Mimi kazi yangu ni kuingia jikoni kwa watu, na sijawahi kufungua friji la nyumba yenye watu nisikute kitu kilichosahaulika huko nyuma. La huyu bwana ni jeupe na tupu kama lililopo dukani. Mkewe ameishi naye miaka thelathini na minane. Kuna jambo analijua, na mwongozaji amelikata. Siku akilirudisha, nitalipa kiingilio tena. Nyota tatu."

Simu ya mama ililia chumbani kwake. Baridi aliisikia, akangoja. Hakuna mlango uliofunguka. Akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Jioni, mezani, mama alinyoosha mkono bila kumtazama.

"Fundi, nipitishie chumvi."

Chumvi ikapita. Alhamisi ilikuwa fundi, Ijumaa fundi, Jumamosi "fundi, geti linagongwa." Kwenye kundi watu walimshangilia, Mwenyekiti akaandika kwamba huo ndio uhakiki, na Baridi hakuona raha hata chembe. Iliuma. Mtu mzima mwenye ndevu na mke, na ilimuuma kama mtoto aliyenyang'anywa mahali pake. Alijiambia kwamba amefanya haki, na haki haikumsaidia kitu.

Jumapili asubuhi alikuwa amepiga magoti mbele ya friji lake mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, na mpira wa mlango wa friji hilo ulikuwa umelegea tangu mwaka uliopita. Mama mkwe akaingia jikoni, akavuta kigoda, akakaa nyuma yake.

"Safu ya tatu," alisema. "Mbona hukukaa mbele zaidi, uone vizuri?"

"Unisamehe, mama."

"Sikuja kuombwa msamaha. Nimekasirika siku nne, nimechoka. Wewe endelea na mpira wako. Sitaki unitazame."

Baridi akaendelea kuusukuma mpira kwenye mfereji wake, kidole baada ya kidole.

"Alikuwa haongei," mama alisema.

"Nani, mama?"

"Unamjua. Nyumbani alikuwa haongei. Nimerudi, nashukuru kwa chakula, nalala. Hayo tu. Miaka thelathini na minane. Aliwaunganisha watu wa wilaya nzima waongee usiku na mchana, yeye akija kwangu ni ukuta. Na hakuwa mbaya. Hakunipiga, hakunitukana, hakuninyima. Ningemshtaki kwa nani, na ningesema nini? Kwamba ananyamaza?"

Baridi aliona afadhali anyamaze yeye pia, kisha akaona hilo nalo si zuri, akasema, "Nasikiliza, mama."

"Lakini mvua kubwa ikikata waya, anatumwa. Anapanda nguzo, anaunga. Akishaunga lazima ajaribu kama laini imekamata. Sasa anampigia nani? Hospitali, wodi ya wazazi, mimi. Huko juu, mwanangu, alikuwa mtu mwingine kabisa."

Baridi alilisikia lile neno. Mama mwenyewe hakulisikia, alikuwa mbali. Fundi hakuinua kichwa, aliogopa kulishtua.

"Anaanza kunieleza anachokiona. Paa la mwalimu limetoboka. Mbuzi wa fulani yuko shambani kwa fulani, anajifanya hakuona mpaka. Ananiiga daktari wetu anavyotembea. Mimi nimesimama na glavu mkononi, wazazi wananingoja, nacheka. Tunabishana, tunataniana, saa inapita. Akishuka, basi. Jioni anaingia: nimerudi, nashukuru, nalala. Watu walikuwa wanaomba mvua kwa ajili ya mazao. Mimi nilikuwa naomba ikate waya. Mungu anisamehe, wengine walikuwa na wagonjwa wa kuwaulizia. Hilo ndilo nililolikata."

Kidole cha Baridi kilikuwa kimesimama kwenye kona ya mlango. Mkewe naye alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, kapu la nguo limeegemea nyonga, na hakuna aliyejua amefika lini. Alikulia katika nyumba ya hao wawili, alikula na baba yake meza moja kwa miaka zaidi ya ishirini.

"Baba alikuwa anacheka?" aliuliza.

Mama alimgeukia. Ilionekana hajawahi kufikiri kwamba binti yake hakujua.

"Alikuwa anacheka," alisema. "Lo, mpaka nguzo inatikisika, naisikia kwenye simu. Namwambia, wewe baba, shika nguzo kwa mikono miwili utaanguka. Naye ananiuliza, sasa simu niishike na nini?"