Mtu wa Chaki Nyekundu

Bwana wa fotokopi pale sokoni, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, aliniuliza kama aipitishe picha kwenye mashini yake ya kugandisha karatasi ndani ya plastiki. Nikasema, ipitishe. Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni dogo.

Picha ilikuwa mali ya mke wangu. Karatasi ya zamani sana, rangi ya chai, na juu yake mtu aliyeketi ameinamisha shingo, amechorwa kwa chaki nyekundu. Padri mmoja Mwitalia aliileta kutoka kwao, akamwachia baba mkwe wangu, aliyekuwa mpishi wake kule Bukavu. Padri alisema aliyeichora hajulikani: labda fundi mkubwa, labda mwanafunzi wake. Nyumbani walicheka kwamba yule mtu ni mpishi mwenyewe, anachagua mawe kwenye maharagwe. Nyumba yao ilipoungua, picha zote za marehemu mzee ziliungua. Ilibaki hii, ndani ya Biblia ya mke wangu. Tangu hapo ndiyo ikawa sura ya baba yake. Jioni aliniita, "Papa, kuya tumuangalie mzee," nami nikaenda kukaa.

Kisha kanisani tukasikia kwamba kuna mama Mwitalia amefikia mjini, mtaa wa Area 18, kazi yake ni kukarabati michoro ya kale. Tulimpelekea habari za picha yetu, naye akatuma neno: niilete, huenda akautambua mkono wa mchoraji. Mke wangu aliiweka kati ya makatoni mawili, akafunga kamba.

"Usiifungue mu njia."

Nilipokuwa nikisubiri minibasi, wingu likajaa. Bwana wa fotokopi, aliyeijua habari ya ile picha, akaniita.

"Papa, mvua njo hii! Unabeba mukwe mu katoni sawa mikate?"

Nilicheka. Vyeti vyetu vyote, vya ubatizo, vya shule, vya ukimbizi, vimo ndani ya plastiki. Ndivyo tunavyotunza karatasi ya maana. Niliona namheshimu mzee. Nikafungua kamba.

Ilitoka ya moto, inang'aa. Shingo ilikuwa sawa. Usoni paliingia povu la hewa, na wekundu ulikuwa umevutika upande mmoja. Nikadhani ikipoa itarudi.

Yule mama aliishika dirishani kwa muda. Hakunigombeza.

"Chaki imeshikana na gundi," alisema kwa Kiswahili chake cha misheni. "Nikivuta plastiki, yote itatoka. Na karatasi siwezi kuigusa, kwa hiyo siwezi kusema ni ya nani. Nani alikushauri?"

"Ni mimi mwenyewe."

Nilirudi. Mke wangu aliipeleka mlangoni penye mwanga, akakwaruza plastiki kwa ukucha.

"Sura iko wapi?"

"Iko mu ndani."

"Mu ndani wapi?"

Alijaribu kuirudisha kwenye Biblia, lakini haikuingia tena. Plastiki ilizidi ukubwa. Akaiegemeza nyuma ya kabati, akaenda kusonga nsima, ugali wa huku. Tulikula. Sikumbuki nilihisi nini. Nakumbuka mboga ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Iko pale hadi leo. Nani aliichora sitajua, na hilo halinisumbui. Mke wangu hana tena sura ya baba yake. Tunaishi chumba kimoja, tunasalimiana, ananipakulia. Jioni hukaa peke yake mlangoni, wala haniiti tena.