Nilikwenda kuchora njia ya watalii, mama yangu akapanda lori la wakimbizi

Wakuu, salaam kwenu.

Anayetafuta chai, yaani hadithi ya kutunga, hapa haipo. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe.

Mimi ni mtu wa Mwamgongo, kule ziwani kaskazini ya Gombe. Miaka ile ya tisini, wakimbizi wakishuka kila siku kutoka Burundi, nilikuwa nimepanga chumba Bangwe na nabebea wageni mizigo pale bandarini Kigoma.

Siku moja nikabeba mizigo ya mzee mmoja wa Kifaransa na mkewe. Wazee wale walikuwa wanapenda kutembea kwa miguu kuliko mbuzi. Wakanieleza kwamba kwao kuna njia zinazofuata mabonde ya mito, kijiji hadi kijiji, unapita kwenye makanisa ya kale na ngome zilizobomoka. Hupotei, kwa sababu mawe na miti vimepakwa rangi nyeupe na nyekundu kukuonyesha pa kupita. Na watu wanalipa nauli ya ndege kwenda kufanya hivyo.

Nikajiuliza, sasa sisi tumekosa nini? Tuna vilima, tuna bonde la Luiche, tuna ile njia ya misafara ya zamani pale Ujiji ambayo wageni wote wanaiulizia. Nikaona mbele yangu njia nzima: unaanzia Mwamgongo, unapanda mlima, unateremka bondeni, unatokea Ujiji. Na mimi ndiye kiongozi, na kofia kichwani.

Sikungoja mtu. Nikarudi kwetu, nikachukua rangi iliyobaki kwenye kupaka mtumbwi wa baba, nyekundu na nyeupe.

Bahati nzuri mama alikuwa anapeleka dagaa kwa wateja wake Kalinzi, juu huko. Njia zile anazijua tangu sijazaliwa. Tukaondoka wote asubuhi, yeye na kikapu chake kichwani, mimi na makopo yangu.

Wakuu, ile njia ni nzuri. Ukifika juu unaliona ziwa lote chini yako na milima ya Kongo ng'ambo. Kila penye njia panda napiga mstari mwekundu juu, mweupe chini. Mama ananicheka tu. Aliniuliza hao wazungu wana midomo yao, kwa nini wasiulize watu njia. Nikapiga mstari mwingine.

Sasa picha linaanza tulipoteremka upande wa pili.

Karibu na barabara ya Manyovu kulikuwa na shule ya msingi. Uwanja umejaa watu. Wamekaa chini na mafurushi, magodoro, masufuria, watoto. Walikuwa wamevuka mpaka usiku na wanasubiri malori ya kuwapeleka kambini.

Migambo wakatuona tunatoka porini. Mama na mzigo, mimi nimejaa vumbi na mikono myekundu. Mama akawaamkia kwa Kiha alichozoea, "Mwakeye." Wale vijana hawakuwa watu wa Kigoma. Kwao Kiha na Kirundi ni kitu kimoja, na kusema ukweli havijapishana sana. Tukaambiwa tukae chini na wenzetu.

Nikasema mimi Mtanzania. Mmoja akatazama makopo ya rangi.

"Hizi alama unamwelekeza nani?"

Nikamweleza habari za wageni wanaotembea kwa starehe. Akanionyesha ule uwanja wote kwa mkono.

"Watu wanatembea kwa starehe? Hebu niambie hawa wanastarehe gani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimepita vilima vile vile walivyopita wao usiku na sikuwafikiria, naona watalii ambao hawajafika.

Kilichoniokoa ni kadi ya chama niliyokuwa nayo mfukoni, na diwani mmoja aliyekuwa anakula dagaa wa mama miaka yote. Akaja, akatucheka, akasema waachieni hawa, huyu ni Bi Mwajuma wa Mwamgongo. Tukaachiwa. Rangi yangu wakabaki nayo.

Hapo uzi ungeisha, na ungekuwa uzi wa kuchekesha.

Lakini mama alikuwa ameshakaa na wanawake. Mnajua watu wa kwetu na majirani zetu wa Burundi, hawawezi kukaa pamoja bila kuulizana wewe ni mwana wa nani na wa kilima gani. Kilima ndiyo anwani ya mtu kule. Kwa hiyo mama anamenya muhogo wetu wa njiani na anauliza, huyu anajibu, yule anajibu.

Ikafika zamu ya mwanamke mmoja mjamzito, tumbo limeshuka kabisa, hana mume, hana mtoto, hana hata mkeka. Akasema yeye ni wa kilima cha Gasenyi, binti wa Minani, mhunzi wa majembe.

Kisu cha mama kikasimama.

Akamuuliza kama ana ndugu yeyote huku. Yule mwanamke akasema ana dada mkubwa, aliolewa na mvuvi huku ziwani kabla yeye hajazaliwa. Sura yake haijui. Jina lake ni Nahimana.

Mama akamalizia kumenya ule muhogo. Akaukata, akampa kipande kikubwa.

"Kula, mdogo wangu. Nahimana ni mimi."

Wakuu, mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Mama yangu ni Mwajuma. Nilijua anatoka "juu kule", na siku zote nilidhani ni juu ya Kalinzi. Nimenyonya kwa mtu huyu, nimekua mgongoni kwake, na jina lake nalisikia kwenye uwanja wa shule pamoja na watu baki.

Wakakumbatiana, wakalia, wanawake wote wakalia. Mimi nikakimbia kwa diwani kuomba tumchukue mama mdogo twende naye nyumbani. Akakataa. Amri ilikuwa mkimbizi hakai kwa raia, na mimi ningemweka matatani. Lori likawa limeshaingia.

Niliporudi, mama alikuwa kwenye meza ya karani wa kuandikisha.

"Mama, wewe si umeachiwa?" karani akamuuliza.

"Nimeachiwa kama Mwajuma. Mimi ni Nahimana binti Minani, wa Gasenyi. Niandike na mdogo wangu."

Nikamshika mkono. Nikamwambia mama una wazimu, una nyumba, una mume, unakwenda kambini kufanya nini? Hakukasirika. Akanikabidhi kikapu cha dagaa.

"Wapelekee wale wa Kalinzi, wanasubiri. Wewe una kadi na una baba. Huyu ana nani wa kumshika akizaa?"

Akapanda lori. Mama yangu mzazi.

Nilirudi Mwamgongo nikimwogopa baba. Nilimkuta ufukweni anageuza dagaa juani. Nikamweleza yote, nikisubiri anirukie. Akauliza jambo moja, kama mama alikula kabla ya kupanda. Nikasema alikula muhogo.

Akageuza dagaa mpaka wakaisha. Ndipo akaniambia alimtoa kwao kwa miguu, kwa njia ile ile niliyoipaka rangi, jina la Mwajuma akalipata aliposilimu kuolewa, naye akaahidi kumrudisha kusalimia wazazi kama bibi harusi yeyote. Mara mtoto, mara vita, mara mpaka umefungwa. Hakumrudisha.

Kumtoa mama kambini tulishindwa. Kila ofisi ilisema alijitaja mwenyewe. Basi baba akauza nyavu, akaenda kufungua kigenge cha dagaa nje ya kambi, akaishi huko mpaka ofisi ilipomruhusu mama kutoka, mtoto wa mama mdogo akiwa anatembea. Kijiji kizima kilimcheka. Hakujali.

Amani iliporejea, mama mdogo alikwenda kwao, na baba na mama wakafuatana naye. Ndiyo ile safari ya kusalimia wazazi, baba akiwa na mkongojo. Waliwasalimia makaburini.

Baba na mama wametangulia sasa. Njia yangu wageni wanaipita, nawaonyesha ziwa, nawaonyesha bonde, na pale shuleni tunakaa chini uwanjani kidogo.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Tunajua habari za wageni waliopita Ujiji zamani, tunazikariri na kuziuza. Mama zetu tunawajua kwa chakula wanachopika. Kama wako yupo, mpigie leo, muulize kwao hasa ni wapi, alikujaje, na jina gani alipewa alipozaliwa. Kisha rudini mtuambie amesema nini, mimi nitasoma moja moja.

Mimi nilimuuliza mara moja tu, siku ile. Nilikimbia nyuma ya lori nikipiga kelele, Mama, Gasenyi ni wapi? Nikamwona anajibu, ila injini haikuniruhusu kusikia.